Mali Bila Daftari: Kwa Nini Tuwahesabu Ndege wa Tana

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali ya Kenya huwahesabu raia wake kila baada ya miaka kumi. Mkulima wa Kipokomo huhesabu magunia yake ya mpunga baada ya mavuno. Na mfugaji wa Kiorma, ng'ombe wanapoingia zizini jioni, hutambua kwa jicho tu kama kuna mmoja aliyepotea. Hata hivyo, ipo mali kubwa katika delta ya Mto Tana ambayo daftari lake lina kurasa nyingi tupu. Mali hiyo ni maji yanayotuama katika maziwa na mabwawa yetu, na makarani wake, msomaji asishangae, ni ndege.

Najua wapo watakaoguna. Watasema: katika kaunti ambayo watu wake wamehamishwa na mafuriko, wakateswa na ukame na wakazikana kwa sababu ya ugomvi wa ardhi na maji, mtu mzima anatuletea habari za shakwe na korongo? Nawaomba wavumilie hadi mwisho. Hoja yangu ni kwamba hesabu ya ndege wa majini inayofanywa kila Januari si mchezo wa watalii wala anasa ya wataalamu wa Nairobi. Ni ushahidi juu ya hali ya maji yetu, na ushahidi huo unafaa kuwa mikononi mwa wenyeji, hususan walimu na wanafunzi, kabla ya maamuzi mengine makubwa juu ya mto huu kupitishwa mbali na macho yetu.

Tuanze na mahali penyewe. Minjila, karibu na Garsen, ni kituo wanapopitana wasafiri wa Malindi, wa Hola na wa Lamu. Wengi wao hushuka garini, hununua maji na maembe, kisha huendelea na safari pasi na kufahamu kwamba wamesimama kando ya mojawapo ya ardhi oevu kuu za Afrika Mashariki. Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukasafiri takriban kilomita 1,000 na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Ukishapita Garsen, mto hukosa mteremko. Hujikunja, hutanuka, huacha mikondo ya zamani na kuanzisha mipya. Na katika mikondo hiyo iliyoachwa ndimo mlimozaliwa maziwa kama Shakababo, Bilisa na Kongolola. Maziwa haya hayana chemchemi ya kutegemea. Mto ukifurika, hujaa, usipofurika, hukauka.

Mnamo Septemba 2012, delta hii iliingizwa katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao ulitiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971. Eneo lililoorodheshwa ni la hekta 163,600, na lilikuwa la sita nchini Kenya kupewa hadhi hiyo, baada ya maziwa ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elementaita. Moja ya vipimo vya mkataba huo ni ndege. Eneo likiwa na ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida, au likiwa makao ya asilimia 1 ya ndege wote wa aina fulani, basi lina haki ya kuitwa mahali pa umuhimu wa kimataifa. Kwa maneno mengine, hadhi ambayo viongozi wetu huitaja majukwaani kila tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhi Oevu Duniani, imesimama juu ya hesabu ambayo lazima mtu fulani aende akaifanye, akiwa na matope magotini.

Kwa nini Januari? Mwezi huo Ulaya na Urusi huwa zimefunikwa na theluji na maziwa yao yameganda kama mawe. Huku kwetu ni msimu wa kaskazi: jua huwaka, upepo huvuma kutoka baharini, na maji ya vuli bado yamo mabwawani. Mamilioni ya ndege huwa wamekwisha kukimbia baridi na kutua katika bara letu, na kwa majuma kadhaa hutulia wakila. Huo ndio wakati mwafaka wa kuwahesabu. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini ilianza mwaka 1967. Barani Afrika ilipangwa rasmi mwaka 1991, na mwaka uo huo wataalamu wa ndege wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wakisaidiwa na wanaojitolea, walianza kuyazunguka maziwa ya Bonde la Ufa kila Januari. Delta ya Tana haikubahatika vivyo hivyo. Mafuriko, barabara mbovu na wasiwasi wa usalama vimefanya hesabu yake iwe ya kudondoadondoa, mwaka huu ipo na mwaka ujao haipo. Hizo ndizo kurasa tupu nilizozitaja.

Nimewahi kuandamana na wahesabuji katika siku moja ya Januari, na ingefaa nieleze kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wengi huidhani kuwa ni matembezi. Tuliondoka Minjila kabla ya jua kuchomoza, tukapitia Tarasaa hadi Ngao, na kutoka hapo tukafika Ziwa Shakababo wakati ukungu ungali umelala juu ya maji. Vifaa vyetu vilikuwa darubini za mkono, darubini kubwa moja yenye miguu mitatu, kalamu za risasi, kwa kuwa wino huchuruzika unapolowa, na fomu zenye orodha ya majina. Mmoja alitazama na kutaja, mwingine aliandika na kurudia kwa sauti alichoandika ili kosa lisipite. Kundi dogo huhesabiwa ndege mmojammoja. Kundi kubwa huhesabiwa kwa namna nyingine: mhesabuji huhesabu kumi kwa uangalifu, hukariri kwa jicho ukubwa wa kumi hao, kisha huupima ukubwa huo juu ya kundi zima, kumi baada ya kumi. Watu wawili wakitofautiana sana, wote hurudia.

Ziwani tuliwakuta mnandi weusi wakianika mabawa yao juu ya magogo, mdiria waliosimama angani wakipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini, yangeyange kando ya ng'ombe waliokuja kunywa, furukombe wawili juu ya mti mkavu, na buabua wa mabwawa, wale ndege wepesi wa kijivu na weupe wanaoruka chini kwa chini juu ya maji wakidona wadudu. Buabua hawa hawakuzaliwa hapa. Wengine huzaliwa katika mabwawa ya Ulaya ya mashariki na Asia, na wamepita majangwa ili waje kula mbu wa Tana. Mvuvi mmoja aliyekuwa akikung'uta nyavu zake alitueleza, bila ya darubini wala fomu, jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Alisema kwamba mwaka ambao mto haukuingia ziwani, samaki hawazaani vizuri. Na samaki wakipungua, mnandi ndio wa kwanza kuhama, wavuvi wakafuata.

Alasiri tulivuka mto na kwenda Kipini, mahali maji matamu yanapokutana na chumvi. Huko ndiko kwa shakwe. Tulisubiri maji yajae, kwani bahari inapopanda hufunika matope na kuwasukuma ndege wote juu ya fungu la mchanga, wakasimama pamoja, vichwa vyote vikielekea upepo wa kaskazi kama waumini waliopanga safu. Walikuwamo shakwe wenye vichwa vya rangi ya kahawia na ukosi mweupe, ambao huzaliana katika visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden na pwani ya Oman, wakaja kwetu baada ya kulea watoto. Walikuwamo wengine wakubwa zaidi, wenye migongo ya kijivu kizito na miguu ya manjano, ambao hutaga mayai yao kaskazini kabisa mwa Urusi, katika nchi isiyo na miti. Msomaji atafakari: ndege aliyeanguliwa penye barafu na ndege aliyeanguliwa kwenye jiwe la moto la Oman wamesimama bega kwa bega katika mchanga wa Kipini, na wote wawili wanategemea samaki wanaolishwa na rutuba ya mto mmoja.

Mwanafunzi mmoja tuliyekuwa naye alitatizwa na shakwe wachanga. Shakwe mkubwa huchukua miaka mitatu au minne kuvaa mavazi ya utu uzima, na kabla ya hapo huwa na madoadoa ya kahawia yanayofanana na ya aina nyingine. Kijana alitaka kukisia ili fomu ijae. Kiongozi wa hesabu alimkataza. Alimwonyesha kwamba fomu ina nafasi ya shakwe wasiotambulika, na kwamba nafasi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wavivu bali kwa ajili ya wakweli. Nami nasema kwamba kama hesabu hii isingekuwa na faida nyingine yoyote shuleni, somo hilo moja lingetosha: takwimu ya uongo ni mbaya kuliko kukosa takwimu.

Sasa, ndege hawa wanatuambia nini kuhusu maji? Kila aina ina kina chake cha maji na chakula chake. Mwari na mnandi huhitaji maji yenye kina na samaki. Vitwitwi na sululu huhitaji matope yaliyoachwa wazi. Korongo mwenye mdomo usiofumbika hula konokono, na konokono hupatikana palipofurika kwa muda. Bata hupenda maji ya kina kifupi yenye majani. Ukiwa na hesabu ya miaka kumi ya ziwa moja, huna haja ya kuuliza ni lini ziwa lilijaa, lini lilipwaya, na lini liligeuka kuwa uwanja wa vumbi. Orodha ya ndege itakusomea habari hizo. Mnandi wakitoweka na vitwitwi wakiongezeka, kina kimepungua. Wote wakitoweka, msiba umekwisha kuingia nyumbani.

Na maji haya yana sababu ya kutiliwa wasiwasi. Kuanzia Bwawa la Kindaruma mwaka 1968, tumejenga Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Masinga peke yake laweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Mito midogo inayoulisha Tana huko juu imetiwa pia katika huduma ya mashamba ya mpunga ya Mwea na mifereji ya jiji la Nairobi. Aidha, mpango wa bwawa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls, chini ya Kiambere, umekuwa mezani kwa miaka mingi na umetajwa katika Ruwaza ya 2030. Sisemi kwamba mabwawa ni uovu. Taa ninayoandikia makala haya huenda inawashwa na maji ya Tana, na mtoto wa Nairobi ana haki ya kunywa maji kama mtoto wa Tarasaa.

Walakini kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Bwawa huzuia mafuriko madogo, yale ya kawaida ya masika na ya vuli, ambayo huleta udongo wa rutuba, huwapa Wapokomo unyevu wa kupandia mpunga, huotesha malisho ambayo Waorma na Wawardei huyakimbilia wakati wa kiangazi, na huwafungulia samaki mlango wa kuingia maziwani. Lakini bwawa hilo hilo haliyazuii mafuriko makubwa. Likishajaa, humwaga yote kwa pamoja. Tuliyaona hayo mwaka 2018, tukayaona tena katika mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024, vijiji vilipozama na familia kuishi kambini. Hivyo delta hupata hasara mara mbili: hunyimwa mafuriko yenye manufaa, na huachiwa yenye maangamizi. Kati ya mafuriko ya 2018 na ya 2023 pia tulipata ukame mkali, ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Mtu akisoma takwimu za wastani tu, atadhani mto una maji ya kutosha. Ziwa Shakababo na ndege wake hawajui wastani. Wanajua kama maji yamefika au hayakufika.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua kwamba katika kila mto lazima ibaki akiba ya maji kwa mahitaji ya lazima ya binadamu na kwa uhai wa mazingira yenyewe. Ni sheria nzuri. Lakini akiba hiyo ya Tana ni kiasi gani, na ifike delta mwezi gani? Mtaalamu wa bwawa atakuja na vitabu vyake vya hesabu. Sisi wa chini tutakuja na nini? Tukija na malalamiko matupu, tutasikilizwa kwa heshima na kupuuzwa kwa upole. Tukija na daftari la miaka kumi na mitano linaloonyesha kwamba maji yalipotolewa mwezi fulani maziwa yalijaa na uhai ukarudi, na yalipozuiwa uhai ukatoweka, mazungumzo yatakuwa mengine.

Haya si ndoto. Historia yetu ya karibuni imeyathibitisha. Mwaka 2008, mamlaka ya mazingira iliidhinisha mradi wa kampuni ya sukari ya Mumias na mamlaka ya TARDA wa kupanda miwa katika zaidi ya hekta 20,000 za delta. Mwaka uo huo habari zilienea kwamba nchi ya Qatar ilitaka hekta 40,000 za kulima chakula chake. Nyuma yao zilifuata kampuni za kigeni zilizotaka kulima mimea ya mafuta. Ramani za miradi hiyo ziliionyesha delta kana kwamba ni nchi tupu. Wenyeji na wahifadhi walipokwenda mahakamani na kwenye magazeti, moja ya hoja zao ilikuwa kwamba nchi hiyo si tupu: ina wakulima, ina wafugaji, ina wavuvi, na ina makundi ya ndege ambayo yalikuwa yamehesabiwa na kuandikwa. Mnamo Februari 2013, Mahakama Kuu iliamuru kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itayarishwe kwa kuwashirikisha wananchi. Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ukazinduliwa mwaka 2015. Kampuni ya Mumias, kwa upande wake, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Tujiulize: kama miwa ingekuwa imekwisha kupandwa na mabwawa kukaushwa, nani angeturudishia maziwa?

Lakini tusijisifu mno. Delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar mnamo Septemba 2012, katika majuma yale yale ambamo damu ilikuwa ikimwagika. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya jamii za delta, wakulima na wafugaji, watu waliokuwa wamechangia mto mmoja tangu enzi za mababu. Siasa ilichochea, hilo halina shaka, lakini kuni zilikuwa zimekauka tayari, na kuni hizo zilikuwa ni maji na malisho yaliyopungua. Cheti cha kimataifa hakikuokoa nafsi hata moja. Kwa hiyo sitaki msomaji anielewe kana kwamba ndege ni bora kuliko watu. Nasema kwamba ndege wanapokosa maji, watu hawako mbali.

Mfano wa nje utatusaidia. Yuko ndege mdogo wa matetemateteni, asiye na rangi ya kuvutia, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Basra. Huzaliana hasa katika mabwawa ya matete ya Iraki, na msimu wa baridi huja Afrika Mashariki. Delta ya Tana ni mojawapo ya mahali anapokaa. Baada ya mwaka 1991, serikali ya Iraki ya wakati huo iliyakausha mabwawa hayo kwa mifereji na kuta ili kuwaadhibu wakazi wake. Sehemu kubwa kabisa ikawa jangwa la chumvi, na watu waliokuwa wakiishi kwa nyati, samaki na matete wakatawanyika. Kuanzia mwaka 2003 wenyeji walibomoa kuta na maji yakarudi kwa kiasi. Ndege huyo wa Basra, pamoja na Mwarabu wa mabwawa, walifukuzwa kwa tendo moja. Na ndege huyo ana nyumba mbili: tukiikausha ya Tana, kurudi kwa maji Iraki hakutamfaa.

Sasa nijibu pingamizi mbili ambazo nimezisikia mara nyingi. Ya kwanza ni ya mkulima. Yeye husema kwamba ndege ni adui: kweleakwelea hushuka kama wingu na kumaliza shamba la mpunga kwa siku chache. Malalamiko hayo ni ya haki, na mhifadhi anayeyadharau hastahili kusikilizwa. Lakini hata hapa dawa ni ujuzi. Kweleakwelea si ndege wa majini, naye hahesabiwi pamoja na shakwe. Na sumu inayomwagwa ovyo kumwua huwaua pia yangeyange wanaokula panzi na furukombe anayeokota mizoga. Anayejua kutofautisha ndege mmoja na mwingine hujua pia ampige nani na amwache nani.

Pingamizi ya pili ni ya mwananchi aliyechoka na ahadi. Huyu husema kwamba kila neno "hifadhi" linapotajwa, ardhi ya maskini hupungua. Naye ana haki ya kushuku. Jibu langu ni kwamba hofu hiyo huzaliwa pale ujuzi unapokuwa wa mgeni na ardhi ikawa ya mwenyeji. Fomu zikijazwa na watu waliokuja kwa gari na kuondoka kwa gari, zikahifadhiwa Nairobi na kusomwa Ulaya, mwenyeji atakuwa ni mandhari tu katika picha. Fomu hizo zikijazwa na mwanawe, nakala ikabaki shuleni na nyingine katika ofisi ya kaunti, ujuzi huo utakuwa silaha yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyemjua hata jina.

Kuna na faida ya afya pia. Mwaka 2021, homa ya ndege iliwaua mamia ya mwari katika hifadhi ya Djoudj nchini Senegal. Ndege hawaulizwi pasi mpakani. Jamii yenye watu waliozoea kuwatazama ndege wake itagundua mizoga siku ya kwanza, na kupiga ripoti kabla kuku wa kijiji hawajaanza kuanguka.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, shule zilizo karibu na maziwa na mwambao wa delta, kuanzia Garsen na Minjila hadi Tarasaa, Ngao, Witu na Kipini, kila moja ichague ziwa lake au fungu lake la mchanga, na ilihesabu kila katikati ya Januari, mahali pale pale na kwa njia ile ile. Vyama vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi mwaka 1968. Si jambo geni kwa kijana wa Kenya kubeba jukumu hili. Pili, Makavazi ya Kitaifa na mashirika ya uhifadhi yawafunze walimu, kisha yawaachie vifaa. Darubini moja iliyobaki shuleni ni bora kuliko semina kumi hotelini. Tatu, Kaunti ya Tana River ipokee hesabu hizo rasmi na kuzilinganisha na kiwango cha maji ya mto na tarehe ambazo mabwawa ya juu yalifunguliwa, na matokeo yasomwe hadharani mbele ya wakulima, wafugaji na wavuvi wote kwa pamoja. Nne, majina ya ndege hawa kwa Kipokomo, Kiorma na Kibajuni yakusanywe kutoka kwa wazee wangali hai. Mwalimu wa Kiswahili ana kazi hapa sawa na mwalimu wa sayansi. Ni aibu mtoto wa pwani kumaliza shule bila ya kujua kumtofautisha shakwe na buabua, au sululu na kitwitwi, wakati maneno hayo tulirithishwa na mabaharia waliosoma hali ya bahari kwa kuwatazama ndege hao.

Mwalimu wa hisabati atapata humo makadirio na wastani. Wa jiografia atapata pepo, mito na mabara. Wa sayansi atapata mlolongo wa chakula. Na wa uraia atapata somo gumu kuliko yote, yaani jinsi raia asiye na cheo anavyoweza kusimama mbele ya mwenye mamlaka akiwa na ushahidi mkononi. Mambo hayo hayahitaji bajeti ya mamilioni. Yanahitaji asubuhi moja kila mwaka, na uvumilivu wa kurudia asubuhi hiyo hata mwaka ambao hakuna mgeni aliyekuja kutupiga picha.

Katika karne ya 19, watu wa Usultani wa Witu walichimba kwa mikono yao mfereji wa Belezoni ili kuuunganisha Tana na Mto Ozi. Mto ukaufuata mfereji huo, ukaacha mlango wake wa zamani na kutokea Kipini hadi leo. Ikiwa majembe yaliweza kuugeuza Tana, tufikirie mitambo ya karne hii itaweza nini. Mto huu utageuzwa tena, kwa bwawa, kwa handaki au kwa shamba, na haitachukua muda mrefu. Siku hiyo tutaulizwa delta ilikuwaje kabla ya kuguswa. Atakayeweza kujibu ni yule tu aliyekuwa akiandika.